Kabla ya Kulipa Ada ya Mtihani wa Majengo ya Kijani

Vijana wetu mliomaliza diploma ya ujenzi, tumesikia mnataka cheti cha LEED Green Associate, kile cha Marekani cha majengo yasiyopoteza maji na umeme ovyo. Ni sawa. Lakini ada inalipwa kwa dola, na hizo hela ni michango ya mama zenu. Ukianguka, kurudia ni kulipa tena.

Mwaka jana tulimpeleka mmoja aliyekariri maswali tu. Akaanguka. Hatumlaumu, sisi ndio tulimharakisha.

Maswali ni 100 kwa saa mbili, yaani sekunde 72 kila moja. Kupita ni alama 170 kati ya 200, na hesabu inaanzia 125, siyo sufuri. Maswali mengine yanataka majibu mawili au matatu; ukikosa moja, umekosa yote. Usiache swali wazi, maana hilo nalo ni kosa.

Basi someni kwa kuelewa. Choo cha kawaida kwa hesabu yao kinamwaga lita 6. Jiulize, jengo litapunguzaje maji kwa asilimia 20?

Kila Jumamosi tutakaa ukumbini, saa ikiwa ukutani. Atakayepita majaribio yetu mara tatu, huyo tutamlipia.