Mwalimu wa Sanaa za Maonyesho Apimwe kwa Lipi?

Huenda mada ya mhadhara huu ikaonekana kuwa ya kiutawala kuliko ya kisanaa. Nauliza mwalimu wa idara ya sanaa za maonyesho na filamu apimwe kwa lipi anapoajiriwa na anapoombewa cheo. Vyuo vikuu vyetu vya umma nchini Tanzania vina jibu tayari. Anayeomba nafasi ya ualimu awe na wastani wa alama (GPA) usiopungua 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika umahiri. Akishaingia, asome uzamivu. Na akitaka kupanda hadi mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na hatimaye profesa, alete makala kutoka majarida yanayotambulika, sura za vitabu na vitabu. Tamthilia aliyoielekeza kwa miezi kadhaa, au filamu aliyoiongoza, hupata uzito mdogo kando ya makala inayoizungumzia, au huingizwa katika fungu la huduma kwa jamii. Nitajaribu kuonyesha kwamba utaratibu huu umekosea kuhusu maarifa yenyewe, mbali na kuwapunja watu. Katika taaluma hii kuunda onyesho ni njia ya kutafiti, na ushahidi ulio karibu nasi kuliko wote ni historia ya waalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Sanaa za maonyesho zilianza kufundishwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, Azimio la Arusha likiwa bado changa na chuo kikijiuliza kinamtumikia nani. Mwaka 1968 wanahistoria wa chuo hicho na wanafunzi wao walikusanya masimulizi ya wazee kuhusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwaka uliofuata ikatoka tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Kazi hizi mbili zilihusu tukio moja, lakini swali lao halikuwa moja. Wanahistoria walitaka kujua maji ya dawa yalisambaaje, nani alipigana wapi, na makabila yaliunganaje. Tamthilia iliuliza kinachompata kiongozi pale neno lake linapomponyoka na kuwa mali ya watu wanaolihitaji kuliko yeye. Swali la namna hiyo halijibiki kwa hojaji. Linamtaka mwigizaji asimame mbele ya wenzake wanaomdai jibu, na mtunzi atazame ni wapi kimya cha mtu kinageuka kuwa kukubali. Na Hussein hakuishia hapo. Kinjeketile bado ina alama nyingi za tamthilia ya Ulaya katika ujenzi wake. Katika miaka ya 1970 mtunzi wake aliandika tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, kuhusu maendeleo ya sanaa za maonyesho Afrika Mashariki, na mwaka 1976 akatoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, kazi zilizoacha mfumo wa mazungumzo ya wahusika na kumrudia mtambaji. Ukizipanga kazi hizo kwa miaka yake unamwona mtafiti aliyejaribu mbinu, akaona mipaka yake, akaibadili. Makala nyingi zimeandikwa kuhusu jaribio hilo, na walioziandika wamehesabiwa kuwa watafiti, kwa haki kabisa. Sioni sababu ya aliyelifanya jaribio lenyewe kuhesabiwa kuwa kitu kingine.

Wenzake wa idara ya sanaa za maonyesho ya chuo hicho waliipeleka njia hii ya kutafiti mbali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walitoka ukumbini wakaenda Malya, mkoani Mwanza, kisha kazi ikaendelea Msoga wilayani Bagamoyo na Mkambalani mkoani Morogoro. Utaratibu wao uko wazi na unaweza kurudiwa, kama utafiti wowote unavyotakiwa kuwa. Walikaa na wanakijiji, wakazitambua kero na kuzichambua pamoja nao. Kero zikageuzwa ngoma, nyimbo na maigizo kwa kutumia sanaa zilizokuwapo pale pale kijijini. Onyesho likafuatwa na mjadala, na mjadala ukafuatwa na hatua za utekelezaji. Jambo ambalo mkutano wa hadhara huliacha bila kusemwa, kwa sababu ya heshima, woga au ukoo, liliweza kutamkwa na mhusika wa kubuni, na baada ya hapo kijiji kililijadili kama jambo lake. Hayo ni matokeo ya utafiti kuhusu namna jamii inavyosema na namna inavyonyamaza, na yalipatikana kwa kuonyesha. Kitabu alichokitoa Mlama mwaka 1991, kuhusu sanaa za maonyesho na maendeleo barani Afrika, kimejengwa juu ya vijiji hivyo. Naomba tuzingatie mfuatano: kazi ilitangulia, kitabu kikafuata. Mwaka 1996 waalimu wa idara hiyo hiyo walianzisha mpango wa Tuseme, uliowapa wasichana wa shule za sekondari jukwaa la kueleza yanayowakwamisha masomoni. Baadaye FAWE, shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika, liliupokea na kuupeleka katika nchi nyingine. Ni makala chache za majarida yetu zinazoweza kuonyesha njia ndefu kama hiyo kutoka chumba cha mazoezi hadi sera ya elimu. Hata katika Chuo Kikuu cha Makerere, Rose Mbowa alipounda onyesho la Mother Uganda and Her Children mwaka 1987, ngoma za jamii mbalimbali za Uganda ziliwekwa pamoja jukwaani katika nchi iliyojeruhiwa na miaka ya vita, na swali la kama watu wa jamii hizo wangeweza kuishi pamoja likaulizwa kwa miili yao jukwaani.

Kuna hasara nyingine, nayo ni ya wale wasioweza kabisa kuingia mlangoni. Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba wa Ugogo, alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Dunia ilimjua na kumwalika. Kwa kigezo cha 3.8 mtu wa aina yake hana nafasi ya kuwa hata mkufunzi msaidizi katika chuo kikuu, na mwanafunzi wa shahada ya sanaa anaweza kumaliza miaka mitatu bila kukaa chini ya mwalimu aliyerithi ufundi wake kwa mikono. Tunasema mcheza kwao hutunzwa, lakini huyu kwao hafunguliwi mlango. Chuo kinachofundisha utambaji bila mtambaji, na ngoma bila manju, kimejinyima chanzo chake cha maarifa.

Kwa upande wa filamu tatizo ni kali zaidi. Filamu za video tunazoziita Bongo Movie zilishamiri kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, na nyingi zilitengenezwa na watu ambao hawakupita chuo kikuu. Vyuo viliifuata tasnia kutoka nyuma, mara nyingi kwa kuwatumia waalimu waliofunzwa jukwaa. Si kwamba hatukuwa na watu. Lihamba aliigiza katika Arusi ya Mariamu ya 1985 na katika Maangamizi ya 2001, aliyoiongoza Martin Mhando pamoja na Ron Mulvihill. Mhando naye alikuwa mhadhiri wa filamu nchini Australia na baadaye akaendesha tamasha la filamu la ZIFF kule Zanzibar. Watu hawa walionyesha kwamba ualimu na kazi ya kamera hukaa katika mtu mmoja. Lakini filamu humwadhibu haraka mwalimu aliyeacha kuitenda. Waliojifunza kuhariri kwa kukata ukanda walilazimika kuhamia kaseti, kisha kompyuta. Taa, sauti na kamera zimebadilika, na jinsi watazamaji wanavyoitazama hadithi kwenye simu imebadilika pia. Mhadhiri anayetumia likizo yake yote kuandika makala mbili ili apande cheo anarudi darasani akifundisha vifaa ambavyo wanafunzi wake hawatavikuta popote. Mfumo ndio uliomwelekeza huko.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si nyepesi. Ya kwanza ni kwamba onyesho hupita; makala hubaki na kuhakikiwa. Ni kweli onyesho hupita, lakini linaweza kurekodiwa, daftari la mazoezi likahifadhiwa, mwelekezi akaandika maelezo ya swali alilouliza na alichokipata, na watahini wa nje wakaalikwa kulitazama kabla ya kutoa hukumu. Uingereza, tathmini ya kitaifa ya utafiti hupokea maonyesho na filamu kama matokeo ya utafiti. Helsinki, mtu hupata udaktari kwa kazi ya kisanaa inayoambatana na maandishi. Wenzetu hawa hawakulegeza masharti. Walitengeneza masharti yanayolingana na kazi. Hoja ya pili husema kazi ya watu arobaini haiwezi kuwa ya mhadhiri mmoja. Makala za tiba na fizikia hubeba majina mengi, na kamati zetu zimeshazoea kuuliza kila mmoja alifanya nini. Majina ya mwishoni mwa filamu hulieleza jambo hilo kwa uwazi zaidi. Wengine husema ufundi ufundishwe Bagamoyo na nadharia ibaki chuo kikuu. Mgawanyo huo unafaa katika kupanga ngazi za mafunzo. Hauwezi kufaa katika kupanga maarifa, kwa sababu nadharia tunayoifundisha ilitoka kwa watu waliokuwa wakitunga, wakielekeza na kuigiza.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya nne: kwamba mlango huu ukifunguliwa, kila igizo la mahafali litaletwa kudai uprofesa. Hofu hiyo ina msingi. Maonyesho mengi, hata mazuri, hayaulizi jambo jipya. Yanarudia kilichojulikana kwa ustadi, na ustadi ni wa kusifiwa bila kuitwa utafiti. Msanii asiyeandika kamwe naye yumo hatarini kujirudia bila kujua. Kwa hiyo sidai kwamba maandishi yaondolewe, wala kwamba wanahistoria na wahakiki wa sanaa wapungue idarani. Bila wao tusingejua hata haya niliyoyataja leo. Ninachodai ni kwamba onyesho liulizwe maswali yale yale yanayoulizwa makala: lilitafuta nini, kwa njia gani, na limeongeza nini? Makala nyingi nazo hushindwa maswali hayo, ila kwa kuwa zimechapishwa huhesabiwa.

Mabadiliko yanayohitajika hayataki fedha nyingi. Yanataka kanuni inayotambua onyesho au filamu iliyopitiwa na watahini wa nje kuwa sawa na makala, saa za mazoezi ya jioni kuhesabiwa katika mzigo wa kufundisha, na nafasi ya ajira ya msanii bingwa asiye na shahada, yenye mshahara na heshima ya mwalimu. La mwisho ndilo gumu, maana linagusa sheria za nje ya chuo hiki, lakini chuo kinaweza kuanza kwa mikataba ya muda.  Naiomba Seneti izipitie upya kanuni za vyeo, na kamati itakayopewa kazi hiyo iwe na watu wanaoelekeza jukwaani na wanaoshika kamera, wakiwa wajumbe wenye kura.