Kiwanja Kibadilishwe Matumizi kwa Hesabu, si kwa Sifa



Mada niliyopewa, ya kubadilisha matumizi ya viwanja, ni pana, nami naibana kwa makusudi. Nitazungumzia maombi ambayo kila ofisa wa manispaa jijini Dar es Salaam anayafahamu: nyumba ya familia iko kwenye kiwanja cha makazi, mwenyewe anataka kuibomoa ainue fleti za kupangisha, na chini aweke maduka.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inakataza kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango bila kibali cha mamlaka ya upangaji. Hilo mnalijua. Linalosahaulika ni kwamba jukumu la kuthibitisha kwamba vigezo vimetimizwa ni la mwombaji. Ofisa hana kazi ya kumtafutia sababu za kukubaliwa.

Faili nyingi huusifia mradi, zikaishia hapo. Utakuta ukurasa mzima wa "mradi utaongeza ajira na kupendezesha mandhari ya mji", na picha ya kompyuta yenye miti ambayo kiwanja hakina hata pa kuipanda. Vigezo vyenyewe havijaguswa.

Tuchukue mfano wa kubuni: kiwanja cha mita za mraba 800, Mikocheni. Tuseme masharti ya eneo yanaruhusu jengo kufunika nusu ya kiwanja, na uwiano wa sakafu zote kwa kiwanja ni 1.5. Nusu ya 800 ni 400. 800 mara 1.5 ni 1,200. Basi unaweza kuwa na sakafu tatu za mita 400, au nne za 300. Aliyeleta mchoro wa sakafu tano za 400 ana mita 2,000, na hakuna maneno matamu ya kuzipunguza. Hesabu hii ni ya mistari mitatu. Ikae ukurasa wa kwanza.

Kwenye maji taka naomba tukae kidogo. Sehemu kubwa ya jiji haina mtandao wa maji taka. Kwenye kiwanja kile kile, nyumba ya watu sita ikigeuka fleti nane za watu watano watano, ni watu 40. Kila mmoja akitoa lita 100 kwa siku, ni lita 4,000, na hapo maduka hatujayahesabu. Gari la kunyonya la lita 10,000 linajaa kwa siku mbili na nusu. Anayeandika "kutakuwa na shimo la maji taka" hajajibu kitu. Aseme shimo lina ujazo gani, udongo unanyonya kwa kasi gani, maji ya ardhini yako kina gani wakati wa masika (si Agosti!), na gari litasimama wapi bila kuziba njia ya jirani. Majibu ya kipimo cha udongo yaambatanishwe.

Vigezo vingine ni vya futi kamba tu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto: uko ndani au uko nje. Hifadhi ya barabara kuu nayo ni hivyo hivyo.

Kinachowashinda wengi ni kigezo kisicho na namba, kwamba matumizi mapya yaendane na ya majirani. Barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri si ridhaa ya jirani. Mchoro uonyeshe nyumba yake pia, siyo yako peke yake. Madirisha ya ghorofa ya pili yanatazama uani kwa nani? Uani ndiko watu wanakopika, wanakofua na kukaa na khanga moja, na mgeni hapafiki bila hodi. Ukionyesha kwamba upande ule umeweka ngazi, au madirisha yaliyo juu ya kimo cha mtu, umekithibitisha kigezo kwa kalamu ya msanifu.

Mwisho ni masharti ya kibali. Namshauri mwombaji ayapendekeze mwenyewe: maduka yafungwe saa nne usiku, mizigo ishushwe ndani ya kiwanja, shimo linyonywe kwa ratiba iliyoandikwa. Masharti hayo yanaweza kukaguliwa. Yanayotungwa dakika ya mwisho kwenye kamati mara nyingi husema tu "azingatie usafi wa mazingira", nayo hayambani mtu.