Pikipiki ya Kikundi Ikianza Kuyumba

(Mazungumzo ya fundi wa pikipiki na wanachama wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema.)



Nimeombwa niongee juu ya pikipiki. Najua wengi hapa hamjawahi kushika usukani. Lakini kama kikundi chako kimenunua pikipiki kwa mchango wa wanachama, wewe pia ni mwenye pikipiki. Mwenye ng'ombe hujua ng'ombe wake akiugua, hata kama anayemkamua ni mwingine.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kikundi kimoja huku kwetu kilikuwa na pikipiki ya kupeleka maziwa asubuhi na kubeba abiria mchana. Kijana aliyeiendesha alilalamika kwamba inayumba, hasa ikiwa na mzigo. Akaniletea. Mimi nikatikisa usukani, nikaona unacheza, nikakaza nati ya shingo kwa nguvu zangu zote, nikamwambia, "Enda, imepona."

Siku chache baadaye alianguka konani, na mama mmoja mwanachama aliyekuwa amebebwa akavunjika mkono. Mkutano ukaitwa. Watu wakasema kijana anakunywa pombe. Akanyang'anywa funguo. Basi akapewa mzee mmoja ambaye pombe haijui kabisa. Naye akaanguka, kona ile ile.

Usiku huo sikupata usingizi. Kesho yake nikaichukua pikipiki, nikaifungua yote. Nilipata makosa matatu, na moja lilikuwa langu. Nikaenda mkutanoni nikasema mbele ya wote. Kijana akarudishiwa funguo, nami nikatoa fungu langu katika gharama ya mkono wa yule mama. Ndiyo sababu leo nataka tufuate njia ya kupima, si ya kukisia.

Anza na tairi. Upepo ukipungua, pikipiki huyumba kama mtu aliyevaa viatu vikubwa. Pikipiki nyingi za kubebea abiria hutaka karibu pauni 25 mbele. Nyuma ni karibu 28 ukiwa peke yako, na karibu 32 ukibeba mtu. Lakini fuata kijitabu cha pikipiki yako. Pima asubuhi tairi ikiwa baridi, kwa kipimo, si kwa kidole gumba. Halafu gonga spoki moja moja kwa spana. Iliyokazwa hulia kwa sauti kali, iliyolegea hulia kama mti.

Sasa gurudumu la nyuma. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa. Shika tairi kwa juu, uisukume kushoto na kulia. Ikicheza gurudumu peke yake, beringi za gurudumu zimekwisha. Ikicheza pamoja na ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu, bushi za mkono huo zimekwisha. Hilo lilikuwa kosa la kwanza katika ile pikipiki.

Kosa la pili: mtu alikuwa amekaza cheni kwa kuvuta upande mmoja tu, gurudumu likakaa mshazari. Ukikaza cheni, legeza nati ya ekseli, kisha zungusha virekebishi vya pande zote mbili sawasawa, huku ukitazama alama. Usipoziamini alama, chukua kamba. Ilaze kandokando ya tairi ya nyuma hadi ya mbele, pande zote mbili, usukani ukiwa umenyooka. Nafasi kati ya kamba na tairi ya mbele lazima iwe sawa kushoto na kulia. Ukimaliza, kaza ekseli, halafu rekebisha breki ya nyuma, kwa maana gurudumu limesogea.

Tatu, shingo ya usukani. Mwenzako akandamize nyuma mpaka gurudumu la mbele liinuke. Shika miguu ya shoko za mbele, uvute na kusukuma. Ikigonga, shingo imelegea. Kisha geuza usukani polepole toka upande mmoja hadi wa pili. Ukinasa pale katikati, beringi zimechimbika. Hapo kukaza hakusaidii, ni kubadilisha. Na hili ndilo lilikuwa kosa langu. Nilikaza shingo yenye beringi zilizochimbika, usukani ukawa mzito. Usukani mzito haurudi wenyewe, basi mwendeshaji anapigana nao njia nzima, na pikipiki inakwenda kama mlevi. Mwaona? Mlevi alikuwa pikipiki, si kijana.

Tazama pia kama shoko za mbele zinavuja mafuta. Mwisho, angalia mzigo. Gunia likining'inia nyuma ya gurudumu huinua mbele, usukani ukawa mwepesi mno. Mzigo ukae chini, na usogee mbele.

Hayo ni matibabu. Lakini kinga ni bora kuliko tiba. Haya ndiyo tuliyofanya kabla ya mvua, ili isituangushe tena:

1. Tuliweka beringi mpya za shingo na bushi mpya, zote kwa grisi nyingi.

2. Tulibadilisha cheni pamoja na sproketi zote mbili. Cheni mpya kwenye meno mazee haikawii kuharibika. Tuliacha mlegeo wa sentimita 2 hadi 3, tukipima pahali inapokaza zaidi. Cheni iliyokazwa mno huua beringi za injini.

3. Tulitazama chuma kinachozuia sahani ya breki ya nyuma isizunguke. Bolti yake iwe na pini ya kuzuia nati. Pini ikipotea na bolti ikatoka, breki inaweza kufunga gurudumu ghafula ukiwa mwendoni. Pini ni kitu kidogo sana, lakini inashika maisha ya watu.

4. Nati kubwa zote tulizipaka mstari wa rangi unaopita hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, nati imeanza kufunguka. Hata asiye fundi ataona.

5. Chini ya kiti tuliweka waya wa klachi, fyuzi na plagi za akiba.

6. Tulifungua daftari. Tarehe, kilomita, oili ilibadilishwa lini, na mwendeshaji analalamika nini. Ndani yake tukaandika pia akiba ya matengenezo, inayotolewa kila wiki kabla ya kugawana faida.

Wenzangu, la sita ndilo kubwa. Kama lile neno la kijana lingeandikwa na kufuatwa, mama yule asingevunjika mkono. Mwendeshaji akisema pikipiki inayumba, msimwulize kwanza alikunywa nini. Nendeni mkaitikise hiyo pikipiki.



Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Je, nani katika kikundi chetu hupima pikipiki, na siku gani?

2. Mwendeshaji akileta malalamiko, anampelekea nani? Yanaandikwa?

3. Tumeweka akiba ya matengenezo, au tunangoja iharibike?

4. Je, tumewahi kumlaumu mtu kwa kosa la chombo?