Kwa gemu hatari ya kinu cha nyuklia huandikwa kwenye skrini. Kwetu itaandikwa na nani?

UZI. Wiki jana niliongea na vijana mjini Kericho kuhusu nyuklia. Wengi mmeomba maandishi, haya hapa. Sheria ya ukurasa ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama.

1/ Chamgei, ndugu zangu. Kabla sijasimama hapa, kijana mmoja amenivuta kando akaniambia: "Mkubwa, mimi kwa gemu nimejenga vinu saba vya nyuklia na hakuna hata kimoja kilicholeta shida. Sasa watu wa Kilifi na Siaya wanaogopa nini?" Mwenzake akamjibu neno moja tu: "Chernobyl." Mjadala ukaishia hapo. Na ya kwenye redio huishia hapo hapo.

2/ Tukumbushane. Uyombo, kule Kilifi, ndiko kulikotajwa kwanza kama mahali pa kinu cha Kenya. Mwaka 2024 wakazi waliandamana kupinga. Mwaka 2025 mazungumzo yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Sisi wa nchi ya chai tunatazama kama mechi ya wengine. Subirini, nitarudi hapo.

3/ Gemu lenyewe nalijua, limenila usiku mwingi: Civilization VI, pamoja na nyongeza yake ya 2019, Gathering Storm. Ukichoma makaa ya mawe dunia inapata joto, bahari inapanda, inameza ardhi ya pwani. Ukijenga kinu cha nyuklia, kinazeeka kila zamu na hatari inaongezeka. Ukilipia ukarabati, umri unarudi sifuri. Kikivuja, ardhi ya karibu inachafuka, unatuma wajenzi wasafishe, unaendelea kucheza.

4/ Kuna jambo gemu limepata: bahari haiulizi nani alichoma makaa. Lakini Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, kwa hivyo kwa gemu sisi tuko salama. Muulize mama yangu kama yuko salama. Kiangazi kikirefuka, au mvua ya mawe ikipiga, au baridi ya usiku ikichoma majani, kikapu chake kinarudi nusu. Kwa gemu, chai ni bidhaa ya anasa ya kufurahisha raia. Bonasi iliyopungua haina mahali pa kuandikwa.

5/ Sasa ajali. Gemu linafundisha kwamba kinu cha hatari ni kikongwe. Hebu tuangalie tatu zinazotajwa zaidi. Three Mile Island, Marekani, Machi 1979: kinu kilikuwa na miezi mitatu tu katika kazi rasmi. Chernobyl, Aprili 1986: kinu namba nne hakikuwa kimefikisha miaka mitatu. Fukushima, Machi 2011: hivyo ndivyo vilikuwa vizee, lakini kilichoviangusha ni wimbi la tsunami lililozima stima ya kupoza mitambo. Na kampuni yenyewe ilikuwa imepiga hesabu mwaka 2008 kwamba wimbi laweza kuzidi mita 15. Ukuta haukuongezwa.

6/ Kwa hivyo swali la umri ni dogo. Kubwa ni hili: nani alijua, na nani alikuwa na nguvu ya kusema "zima"? Kwa gemu wewe ndiwe rais, fundi na mkaguzi. Skrini inakuambia ukweli, haina bosi wa kuogopa. Japani, mkaguzi wa nyuklia alikuwa chini ya wizara ile ile iliyokuwa ikiipigia nyuklia debe. Mwaka 2012 tume huru ya bunge lao ilisema wazi kwamba ajali ile ilisababishwa na binadamu.

7/ Sasa turudi kwa chai. Juni 2011, chai ya kijani kutoka Shizuoka ilizuiwa uwanja wa ndege Paris. Ilipimwa ikawa na bekereli 1,038 za seziamu kwa kilo. Kiwango cha Ulaya kilikuwa 500. Shizuoka iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Fukushima. Kutoka hapa Kericho hadi ufuo wa Siaya, kwa mstari ulionyooka, haifiki 150. Mkulima wa Shizuoka hakuulizwa kinu kijengwe wapi. Na mnunuzi akishaingiwa na wasiwasi pale mnada wa Mombasa, hutamtuma mjenzi asafishe.

8/ Msininukuu vibaya, sijasema nyuklia ni shetani. Kwa kila kipimo cha stima, makaa ya mawe yameua watu wengi zaidi. Na sisi tunajua stima ikipotea kiwandani majani mabichi yanaharibika. Lakini anayewaambia tujenge kinu ili kuokoa hali ya hewa, mkumbusheni kwamba karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya tayari inatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Hoja yake yenye nguvu ni nyingine: mahitaji yanakua, na ukame unapunguza maji ya mabwawa. Atetee hiyo.

9/ Kenya ina NuPEA ya kuendeleza nyuklia na KNRA ya kuidhibiti. Kwenye karatasi wametenganishwa, vizuri. Basi mgombea yeyote akija hapa, awe anaunga au anapinga, muulizeni matatu:
– Mkaguzi akisema "zima", nani anaweza kumfuta kazi?
– Vipimo vya mionzi vitatangazwa wapi, na kila baada ya muda gani?
– Chai ikikataliwa sokoni, nani anamlipa mkulima wa kilomita 150?

10/ Kijana wangu wa vinu saba, endelea kucheza. Umejifunza kwamba kila stima ina gharama yake, na hilo wazee wengi hawalijui. Ila kumbuka ile namba ya hatari uliipata bure. Huku nje italazimika kudaiwa.

Mwisho wa uzi. Watu wa Uyombo na Siaya, nirekebisheni nilipokosea.