Mizani ya Kuazima

Habari ya balozi za Marekani kusitisha, mwezi Machi mwaka 2025, kutangaza vipimo vya hewa mmekwisha kuisikia, na sababu iliyotolewa, yaani ufinyu wa fedha, mmekwisha kuisikia kadhalika. Kwa hiyo hatutaki kuwachosha kwa kuirudia. Fedha ni zao, vyombo ni vyao, na mwenye mali halaumiwi akiikunjua wala akiikunja. Linaloitia hofu stesheni hii ni kimya kilichoenea baadaye katika miji yetu, ambayo, baada ya kuzoea kuelezwa na mgeni hali ya hewa inayoingia vifuani mwa watoto wake, imejikuta siku moja mgeni amenyamaza, nayo haina neno la kusema.

Mjini Kampala na mjini Addis Ababa, chombo kilichosimama katika ua wa ubalozi kilikuwa miongoni mwa vipimo vichache ambavyo mtaalamu aliweza kuvitolea ushahidi bila ya kusitasita, nacho kilitangaza saa baada ya saa, bure, kwa kila mwenye simu. Ama sisi wa Nairobi tusiwacheke majirani, maana mji huu wenye wakazi zaidi ya milioni 4, ambao juu ya hayo umejaaliwa kuwa makao ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa pale Gigiri, hauna hata leo daftari la hewa yake lililotimia, la kila mtaa na kila mwaka, ambalo mwananchi wa kawaida aweza kulifungua akasoma. Warsha tumefanya nyingi, mikakati tumeizindua kwa vigelegele, na picha za pamoja tumepigwa. Stesheni hii imekwisha kusema, na leo inasema tena: warsha zina fungu, mizani haina fungu.

Na mizani yenyewe si jambo la miujiza. Ndani ya chombo kile mna utepe mweupe unaosogea kidogo kila saa. Hewa huvutwa ikapenya katika utepe, zile chembe ndogo zenye upana usiozidi maikromita 2.5, ambazo ni kama sehemu ya thelathini ya unene wa unywele mmoja, hubakia pale, kisha miale ya beta hupitishwa, na kadiri miale inavyozuiwa ndivyo uzito wa uchafu unavyojulikana. Ukiutazama utepe ule utaona duru ndogo zimepangana moja baada ya moja, kila duru saa yake: saa ambayo barabara ilikuwa tupu, duru ni hafifu, karibu huioni, saa ambayo matatu na malori yalisongamana bumba kwa bumba, duru ni nyeusi. Huo ndio ushahidi, nao hauhitaji mwanasheria wa kuutetea.

Vipo pia vyombo vidogo, rahisi kwa bei, vinavyohesabu chembe kwa nuru, na katika sanaa hiyo ndugu zetu wa Chuo Kikuu cha Makerere wametupa fahari, kwa kuwa tangu mwaka 2015 mradi wao wa AirQo umeunda vyombo vyenye kustahimili vumbi, joto na umeme unaokatikakatika, wakavitundika hata katika bodaboda. Walakini chombo kidogo hudanganyika. Asubuhi yenye ukungu, kama zile za Julai hapa Nairobi, unyevu huzivimbisha chembe, nacho kikadhani moshi umezidi. Kwa hiyo hakina budi kulinganishwa mara kwa mara na chombo kikubwa, na chombo kikubwa kina gharama, na gharama hutaka fungu, na fungu, kama tulivyokwisha kusema, halipo.

Wala msidhani kwamba wataalamu wetu wamelala. Kati ya mwaka 2008 na 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Gothenburg, Uswidi, walikusanya vumbi la mji huu katika vichujio, wakachunguza asili yake, wakaona kwamba takriban robo tatu ya chembe hizo zahusiana na mambo mawili, moshi wa magari na vumbi la ardhi. Yaliyosalia yakatoka viwandani na katika kuchoma kuni na vitu vinginevyo, na hata athari ya chumvi ya bahari ilionekana humo. Basi chanzo kikishajulikana, dawa nayo imejulikana: barabara za mitaani zitiwe lami, na magari yakaguliwe moshi wake. Imepita zaidi ya miaka 15, na lori lililotoa moshi siku ile lingali linatoa moshi, na aliyelipima angali anaandika barua za kuomba msaada ng'ambo, kwa sababu warsha zina fungu, mizani haina fungu.

Sheria tunazo. Kanuni za ubora wa hewa za Kenya zilitangazwa mwaka 2014, nalo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, liliteremsha kiwango chake cha wastani wa mwaka wa chembe hizo ndogo hadi maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo, kutoka 10. Lakini mwenye kuvunja kanuni akifikishwa mahakamani leo, ithibati itatoka wapi? Au hakimu atahukumu kwa pua?

Wapo watakaotujibu kwamba nchi ina njaa, ina madeni, ina hospitali zisizo na dawa, na kwamba hewa ni anasa ya matajiri. Hoja hiyo twaikataa. Shirika hilohilo la Afya lilikadiria kwamba hewa chafu ya nje iliua watu milioni 4.2 kabla ya wakati wao mwaka 2019; na tajiri hufunga vioo vya gari lake, ilhali utingo huning'inia mlangoni, mama mboga huketi kando ya Jogoo Road kutwa nzima, na watoto wa Korogocho huamka na moshi wa jaa la Dandora. Anayejaza hospitali kisha akalalamika kwamba hospitali zimejaa, huyo hana insafu.

Tazameni Beijing. Ubalozi wa Marekani ulianza kupima hewa ya mji ule mwaka 2008, na wakubwa wa Kichina walichukizwa, hata mwaka 2012 wakataka hadharani kwamba balozi ziache. Lakini hawakukomea kwenye hasira; walitandaza mizani yao wenyewe nchi nzima, wakatangaza hesabu zao wenyewe, na wastani wa mwaka wa Beijing, uliokuwa maikrogramu 89.5 mwaka 2013, ukashuka hadi 33 mwaka 2021. Wao walikasirika kwa kupimwa na mgeni, wakajipima. Sisi mgeni ameacha kututangazia vipimo, wala hatukukasirika! Nguo ya kuazima haisitiri matako, wasikilizaji wetu, na mwenyewe sasa ameitwaa nguo yake.

Basi na tuamke. Kila mwaka, kufikia tarehe 30 Aprili, serikali ya kaunti haina budi kupeleka makadirio ya fedha mbele ya bunge la kaunti, na vikao vya kupokea maoni ya umma viko wazi kwa kila mtu, hata kwa utingo, hata kwa mama mboga. Nendeni! Msiende kula mandazi na kupiga makofi. Mfunulieni mwakilishi wenu wa wadi vitabu vya makadirio hayo ukurasa kwa ukurasa, mumwulize: fungu la mizani ya hewa liko wapi, ni shilingi ngapi, litanunua vyombo vingapi, na hesabu zake zitatangazwa wapi? Akiwaambia kwamba kuna warsha, mwambieni kwamba warsha mmeshiba. Akiwaambia kwamba wafadhili wanakuja, mwambieni kwamba wafadhili wamekwisha kuondoka. Masika yakifika, mvua itaiosha hewa kidogo, na kila mwenye dhamana atatumaini kwamba mtasahau. Msisahau! Hewa ni yenu, vifua ni vyenu, kodi ni yenu. Daini mizani yenu.