Kadi ya Taarifa ya Shule na Wale Watakaoisoma

Mazungumzo kwa kamati za shule za msingi



Karatasi moja iliyobandikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu yaweza kumwinua mtoto, na yaweza pia kumtoa shuleni. Tanzania imekwisha kuyaona yote mawili. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule za msingi zilianza kupangwa hadharani kwa wastani wa alama za mtihani wa darasa la saba, zikapewa rangi: kijani, njano na nyekundu. Kila shule ikajua nafasi yake kitaifa na nafasi yake wilayani.

Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walipofuatilia matokeo yake, walikuta kwamba shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipandisha ufaulu. Walikuta na jambo la pili: katika shule hizo hizo wanafunzi wa darasa la saba walipungua, kwa wastani zaidi ya wawili kwa kila shule. Wawili ni hesabu ndogo mezani. Kijijini ni watoto wenye majina, na mama zao wanajulikana.

Hakuna kadi iliyoagiza watoto hao waondoke. Kadi iliuliza swali moja tu, wastani ni ngapi, na njia nyepesi ya kuupandisha wastani ni kuwapunguza wanaoushusha. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha kuzitaja shule bora na watahiniwa bora. Uamuzi huo ulipokewa kwa mitazamo tofauti, lakini haki ya mzazi ya kujua hali ya shule ya mwanawe haikuondoka nao. Linalobaki ni kujua nini kiandikwe, na nani aulizwe kabla hakijaandikwa.

Nchini Uganda swali hilo lilijaribiwa kwa vitendo katika shule 100 za msingi za vijijini. Kamati za baadhi ya shule zilipewa kadi iliyokwisha kutayarishwa na wataalamu. Nyingine zilikaa pamoja, wazazi, walimu na viongozi wa shule, zikachagua zenyewe mambo ya kufuatilia. Abigail Barr na wenzake walieleza kilichotokea: palipochaguliwa na kamati, utoro wa walimu na wa wanafunzi ulipungua na alama za mitihani zikapanda. Palipoletwa kadi iliyo tayari, mabadiliko ya namna hiyo hayakuonekana. Karatasi zilifanana sana; tofauti ilikuwa ni nani aliyeziona kuwa zake.

Sasa kadi hiyo na ipandishwe mlimani. Katika mitelemko ya Uluguru, kuanzia Kinole na Tegetero hadi Mgeta, mvua za masika hufanya njia ziteleze na vijito vijae. Kadi inayotoa mahudhurio ya mwaka mzima kwa namba moja humficha msomaji mwezi wa Aprili. Mahudhurio yakiandikwa mwezi kwa mwezi, mzazi ataona mtoto anapotea lini, na serikali ya kijiji itaona kama tatizo ni uzembe au ni daraja la miti lililosombwa. Mzazi wa mjini Morogoro huenda asiuhitaji mstari huo kabisa; yeye atauliza darasa moja lina watoto wangapi. Ndiyo maana si lazima kila mstari wa kadi ufanane wilaya nzima.

Upo pia ukweli wa kimila ambao watengenezaji wa fomu huusahau. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno katika mambo ya mtoto. Kikao kinachowasikiliza akina baba waliokaa benchi la mbele peke yao kitakuwa kimekwisha mapema mno. Waulizwe mama, bibi wanaolea wajukuu, na wajomba. Waulizwe walimu pia, bila kuogopeshwa, kwa kuwa wao ndio watakaobebeshwa kila doa la kadi hiyo. Na wanafunzi wa madarasa ya juu wanajua mambo ambayo mkaguzi hupita bila kuyaona, kama vile choo kipi hakifungwi mlango.

Rasimu iandikwe kwanza kwa mkono kwenye karatasi kubwa ya manila, isomwe kwa sauti mkutanoni, kisha watu watatu wasiokuwapo waombwe waeleze inasema nini na wao wangefanya nini baada ya kuisoma. Wanapokwama, maneno yabadilishwe, wasilaumiwe. Majina ya wanafunzi na alama zao yasiwekwe ukutani.

Mstari mmoja usiachwe kwa shule yoyote, iwe ya bondeni au ya kileleni: watoto wangapi waliandikishwa darasa la kwanza, wangapi wamefika darasa la mwisho, na waliopungua wamehama, wamekariri au wameacha. Uandikwe kando ya wastani wa mtihani, kwa herufi zenye ukubwa uleule.