Ratiba ya Shule: Nani Huipanga?

Mzazi wa Membley, kungali giza, basi la shule linapiga honi getini na mtoto anasinzia, soksi moja mkononi. Inaniuma, kwa sababu serikali haikuagiza hivyo. Tarehe za kufungua na kufunga shule hutolewa na Wizara ya Elimu kwa nchi nzima; Kaunti yako ya Kiambu haizipangi. Saa nazo ziliwekwa na Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015: shule za kutwa, za umma na za binafsi, masomo ni saa 2:00 asubuhi hadi 9:30 alasiri, kisha michezo na shughuli nyingine za nje ya darasa hadi 10:45. Masomo ya ziada wakati wa likizo yamekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Shule ikikaidi, mwone mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo yako, Ruiru.